Jibu: Deraya, silaha na cheo katika Korea ya kale

Ndugu, umeuliza iwapo deraya na silaha zilionyesha cheo cha shujaa katika Korea ya kale. Naam, zilionyesha, na ushahidi ulio bora umo makaburini. Katika kaburi la mfalme Muryeong wa Baekje, mojawapo ya falme za Korea ya kale, aliyefariki mwaka 523, lililogunduliwa mjini Gongju mwaka 1971, upanga wake ulikutwa upande wa kushoto wa kiuno, ncha ya mpini ikiwa na pete inayozunguka kichwa cha joka, na mpini wenyewe ukiwa umepambwa kwa dhahabu na fedha. Huko Gyeongju, mji mkuu wa ufalme wa Silla, katika kaburi kuu la Hwangnamdaechong, zilipatikana hata kinga za mikono za fedha, madini laini mno kwa vita, hivyo naamini zilikusudiwa kuonwa.

Ukitaka kuona ngazi zote za cheo pamoja, tazama msafara uliochorwa ukutani katika kaburi namba 3 la Anak, huko Korea Kaskazini, la mwaka 357: bwana ameketi katika gari la kukokotwa na ng'ombe, wapanda farasi wamevaa deraya sawa na farasi wao, ilhali wabeba mashoka wanatembea kwa miguu bila deraya yoyote.