Hoki ya barafuni: kudumu kazini ukiwa safu ya nne

Vijana wanaoitamani kazi hii huuliza zaidi habari za drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kwa zamu. Drafti ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ina timu 32 na raundi 7, yaani majina 224 kwa mwaka, na wengi kati ya hao hawafikishi hata mechi za msimu mmoja mzima kule juu. Kuitwa jina ni jambo la dakika moja, kubaki ndiyo kazi yenyewe. Nafasi za nyota zina wenyewe. Zinazogombewa kila mwanzo wa msimu ni za safu ya nne ya washambuliaji na jozi ya tatu ya mabeki, yaani zile za mwisho, na huko kocha hatafuti fundi wa chenga. Anatafuta mtu atakayemwingiza barafuni bila roho kumdunda.

Kwa hiyo anza na zamu, yaani muda unaokaa barafuni kabla ya kubadilishwa. Zamu nzuri ni sekunde 40 hadi 45. Ukigonga 60 mapaja yanawaka, unaanza kusimama wima, gongo linanyanyuka kutoka kwenye barafu, na kosa linalofuata kocha ameshaliona kabla hujalifanya. Hatari kubwa iko kipindi cha pili. Timu zimebadilishana pande lakini benchi halijahama, hivyo lango mnalolinda sasa liko mbali na benchi lenu. Mkibanwa eneo lenu, hakuna wa kutoka. Mchovu mmoja anakipiga kisahani, ndicho mpira wa mchezo huu, kutoka nusu yenu hadi kinavuka mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa; refa anapuliza, mchezo unarudishwa karibu na kipa wenu, na sheria inawakatalia nyinyi mliokuwa ndani kubadilishwa. Wapinzani wanaingiza miguu mipya. Magoli mengi ya kipuuzi huzaliwa hapo.

Dawa yake haipendezi kwenye video: ukifika mstari mwekundu wa katikati umechoka, usijaribu kumpita mtu. Sukuma kisahani hadi pembeni kabisa kwa wapinzani, kisha kimbilia benchi. Na usitoke kisahani kikiwa kinarudi kwenu, hata kama umebakiwa na pumzi ya mwisho.

Viatu navyo vinafukuzisha watu kazi, ingawa wengi hulaumu miguu. Kiatu cha barafuni kwa kawaida huwa pungufu ya kile cha mtaani kwa namba moja hadi moja na nusu. Ukisimama wima vidole viguse kidogo mbele. Ukikunja magoti kisigino kirudi nyuma kikae kimya. Kamba zikazwe katikati ya mguu, si juu kabisa. Ukikaza sana juu unaumiza mishipa ya mbele ya kifundo, na maumivu hayo yakishaingia hukaa wiki nyingi.

Chuma chenyewe kina unene wa karibu milimita 3, na kikinolewa huchimbwa mfereji katikati ili zibaki kingo mbili. Mwambie mtunza vifaa namba ya mfereji wako, usimwambie tu "ninolee". Nusu inchi ndiyo ya wengi; namba hiyo hupima mviringo wa mfereji, si kina chake. Ukipungua kuliko hapo mfereji unakuwa na kina zaidi: unashika barafu vizuri kwenye kona, ila unateleza kwa taabu na miguu inachoka mapema. Wachezaji wazito mara nyingi huridhika na 5/8 ya inchi. Kabla ya kuingia, laza sarafu juu ya kingo na uitazame usawa wa macho. Ikiinama upande mmoja, kingo hazilingani, na utaanguka kila ukikata kona upande huo. Ukikanyaga chuma au kugongana na nguzo ya goli, kingo moja inaweza kufa ghafla katikati ya mchezo. Usijikaze, rudi benchi ubadilishiwe chuma, kazi ya sekunde chache tu. Baada ya mazoezi futa kwa taulo, vika kifuniko cha kitambaa. Kile cha plastiki ni cha kutembelea. Kikifungia maji kinaleta kutu.

Sasa mkataba, mahali ambapo vijana husaini kwanza na kusoma baadaye. Mkataba wa kwanza wa NHL kwa mwenye miaka 18 hadi 21 ni wa miaka mitatu. Ukiwa na 18 au 19 na ukacheza chini ya mechi 10 msimu huo, mwaka kwa kawaida hauhesabiwi, unasogezwa mbele. Mara nyingi mkataba huo huwa na mishahara miwili: wa juu, ukiwa NHL, na wa timu ya chini, ligi ndogo unakopelekwa kukomaa. Kima cha chini cha NHL msimu wa 2025-26 kilikuwa dola 775,000. Mshahara hugawanywa kwa siku za msimu, takriban 190, kwa hiyo siku moja juu ilikuwa kama dola 4,000. Tuseme mshahara wako wa timu ya chini ni 80,000: siku hiyo hiyo kule chini haifiki 500. Pangilia maisha yako kwa hesabu ya chini, ya juu iwe akiba. Kodi na wakala (kwa kawaida asilimia 3 hadi 5) bado havijakatwa hapo.

Lipo na jambo linalowaumiza wengi bila kujua sababu. Mchezaji aliyekomaa akiteremshwa, lazima kwanza awekwe wazi kwa saa 24 ili timu nyingine yoyote iweze kumchukua. Chipukizi hana sharti hilo. Kocha akibakiwa na wawili wanaolingana, anayeteremshwa ni wewe, maana hawezi kukupoteza. Si kwamba umecheza vibaya, na ukibadilisha mchezo wako kwa hasira utakuwa umeharibu kilichokuwa kizima.

Kwa walio bado kwenye ligi za vijana za Kanada: tangu Agosti 2025 kucheza CHL, muungano wa ligi kuu za vijana huko, hakukufungii tena vyuo vya Marekani. Hata hivyo soma kifungu cha ada ya masomo unayoahidiwa na timu, uone kinakufa lini ukisaini mkataba wa kulipwa.

Kichwa kikigongwa ukaona mwanga unakuumiza, sema palepale. Shingo uivalishe kinga: Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alifariki Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu.

Na uwe na begi tayari, maana simu ya kuitwa juu huja asubuhi na mechi ni jioni. Weka vyuma viwili vilivyonolewa kwa namba yako, magongo manne yaliyokatwa urefu mmoja na kuvishwa tepu, suti moja, na pasipoti. Timu 7 kati ya 32 ziko Kanada. Ukikwama mpakani, nafasi yako anapewa wa pili kwenye orodha, naye huenda asiirudishe.