Wewe mshale ni wa nani?

Kidato cha tatu nilikariri fomula zote za mwendo, na bado maswali ya fizikia yakanishinda. Nasoma swali, natafuta fomula yenye herufi zile zile, najaza namba, napata jibu. Jibu silo. Leo nafundisha tuisheni jioni, na vijana wanakwama pale pale nilipokwama mimi. Tatizo si hesabu.

Kwanza ni maneno. Nyumbani "nguvu" ni neno la yote: nguvu za kusukuma, nguvu za umeme, chakula cha kutia nguvu. Kwenye fizikia kani, yaani msukumo au mvuto, hupimwa kwa nyutoni, nishati kwa jouli, na kasi ya kufanya kazi kwa wati. Sokoni nako gunia lina "uzito wa kilo hamsini". Kwenye swali, kilo 50 ni masi, yaani kiasi cha maada kilichomo. Uzito ni kani ya dunia kulivuta gunia hilo, nyutoni 500 ukichukua g, yaani mvuto wa dunia kwa kila kilo, kuwa nyutoni 10. Anayeandika 50 mahali pa 500 hajashindwa kuzidisha, amelisoma swali kama yuko sokoni.

Tuchukue gunia hilo hilo. Kibarua analipandisha kwenye lori kwa ubao wa mita 3, na sakafu ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini. Analisukuma sambamba na ubao kwa nyutoni 300, mwendo haubadiliki. Msuguano ni kiasi gani?

Fomula ziache kwanza. Chora gunia peke yake, kiboksi tu, na mshale mmoja kwa kila kani inayoligusa au kulivuta, halafu kila mshale unaouchora uulize: wewe ni wa nani? Dunia inalivuta chini. Ubao unalibeba, ukilisukuma kwa pembe mraba na uso wake. Mikono ya kibarua inalipandisha. Ubao huo huo unalikwaruza kulirudisha nyuma, na huo ndio msuguano. Basi, mishale minne.

Karibu kila darasa kuna atakayeongeza wa tano, "kani ya mwendo", eti kwa sababu gunia linapanda. Nikimuuliza ni nani anayesukuma hapo, ananyamaza. Mshale usio na mwenyewe ufute. Mimi mwenyewe kosa hili lilinitesa mwaka mzima, kwa hiyo nalisema kwa msisitizo: mpira uliorushwa juu, ukishatoka mkononi, mkono hauna tena habari nao. Dunia inauvuta chini, hewa inauzuia kidogo, na bado unapanda kwa sababu ulishapewa kasi. Kani hubadilisha mwendo. Mwendo wenyewe hauhitaji kani ya kuudumisha.

Turudi kwenye ubao. Kwa kuwa mwendo haubadiliki, mishale ya kupanda na ya kushuka inalingana. Ubao unapanda mita 1.2 katika urefu wa mita 3, kwa hiyo sehemu ya uzito inayovuta kushuka ni 500 × 1.2 ÷ 3, yaani nyutoni 200. Kibarua anatia 300, kwa hiyo msuguano ni 100.

Sasa lipime jibu kwa njia ya nishati. Kazi ya kibarua ni 300 × 3, jouli 900. Kwa kupanda mita 1.2 gunia limepata 500 × 1.2, jouli 600. Zile 300 zimeliwa na msuguano zikawa joto, na 300 ÷ 3 ni 100. Siku nilipoona njia mbili zinakutana hivi ndipo nilipoanza kuipenda fizikia.

Je, gunia likimponyoka kule juu, likaserereka lenyewe, litafika chini na kasi gani? Kwa mishale: 200 kutoa 100 ni nyutoni 100, gawa kwa kilo 50, mchapuko, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde, ni 2. Kasi kipeo cha pili ni mara mbili ya mchapuko mara umbali, 2 × 2 × 3, yaani 12. Kwa nishati: jouli 600 kutoa 300 zilizoliwa, zinabaki 300, ambazo ni nusu ya 50 mara kasi kipeo cha pili. Ni 12 tena, kasi ya karibu mita 3.5 kwa sekunde.

Njia mbili zikikupa majibu tofauti, usianze kubahatisha fomula nyingine. Rudi kwenye mchoro. Katika swali kama hili, mara nyingi nimekuta gunia limeshageuka linashuka, na mshale wa msuguano bado umeachwa unaelekea chini vile vile, kama lilipokuwa linapanda.