Miguu ya farasi wa sanamu haielezi jinsi mpandaji alivyokufa

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama ni kweli kwamba farasi wa sanamu akiinua miguu miwili ya mbele, aliyempanda aliuawa vitani; akiinua mmoja, alijeruhiwa; na akikanyaga yote minne, alikufa kitandani. Hata huku Tabora wapo wanaowafundisha wanafunzi hivyo, jambo linalonisikitisha, kwa kuwa sanamu zenyewe zinalikanusha. Ile ya Andrew Jackson, aliyekuwa rais wa Marekani, mjini Washington, iliyozinduliwa mwaka 1853, inamwonyesha farasi akisimama kwa miguu ya nyuma pekee, ilhali Jackson alifariki nyumbani kwake mwaka 1845. Farasi wa Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, kule St. Petersburg naye amesimama vivyo hivyo, na mfalme huyo alikufa kwa maradhi. Ukimtazama farasi huyo kwa makini, utaona mkia wake umegusana na nyoka anayemkanyaga, na hapo ndipo penye siri ya kweli: shaba ni nzito mno, hivyo fundi alihitaji egemeo la tatu ili sanamu isianguke. Sanamu nyingi za Gettysburg, Marekani, mahali palipopiganwa vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe, zinaafikiana na kanuni hiyo ya miguu, lakini hata huko farasi wa jenerali James Longstreet, aliyewekwa mwaka 1998, ameinua mguu mmoja, ingawa Longstreet hakujeruhiwa katika vita vile.