Mkanda mweupe wenye bati na mkanda mweupe mtupu: tazama ukingo

Mkuu, umeuliza kwa nini mkanda wa mawe meupe kwenye duara lenu (shimo la kuchimbia) kule Kyerwa, mkoani Kagera, hautoi bati, ilhali wa jirani, mweupe vilevile, unatoa. Umeuliza pia kama ni kweli bati lililetwa na volkeno. Nimefanya kazi ya jiolojia kwenye bati la Kagera na upande wa Rwanda kwa muda mrefu, na hakuna swali ninaloulizwa na wachimbaji wadogo kama hili. Weupe wa jiwe hauna habari yoyote ya bati. Habari iko ukingoni, pale jiwe jeupe linapogusana na mwamba wa pembeni.

Volkeno haihusiki. Bati la ukanda wa Karagwe-Ankole, unaotoka kusini-magharibi mwa Uganda kupitia Kagera na Rwanda hadi Burundi, linahusiana na graniti zilizoganda chini ya ardhi takriban miaka milioni 980 iliyopita. Magma ya graniti, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopoa, madini yanayounda graniti huanza kuganda: feldspa, kwatzi (ndiyo jiwe jeupe la mikanda yenu) na ulanga. Maji, boroni, florini, lithiamu na sehemu kubwa ya bati hukosa nafasi ndani ya fuwele hizo, basi hubaki kwenye kimiminika kinachozidi kupungua. Boroni na florini hushusha joto la kuganda. Graniti ya kawaida yenye maji inakuwa imeshaganda kwenye nyuzi 650 hivi, lakini mabaki haya yanaweza kuendelea kuwa kimiminika hata chini ya nyuzi 600.

Hatua inayofuata ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu kimiminika hicho si magma kamili wala si maji moto kamili. Piga hesabu uone. Maji ya nyuzi 500, kilometa kadhaa chini, huyeyusha gramu chache tu za silika, kitu kinachounda kwatzi, kwa kila kilo moja ya maji. Yakipoa hadi nyuzi 200 yanabaki na kama robo gramu, iliyobaki imeganda kuwa kwatzi. Meta moja ya ujazo ya kwatzi ina uzito wa kilo 2,650. Ukichukua gramu 3 kwa kilo, unahitaji karibu tani elfu moja za maji kupita kwenye ufa uleule ili kujenga meta moja tu ya ujazo. Kwa mikanda inayotambaa mlima mzima, maji hayo yalitoka wapi?

Wapo wanaosema yalikuwapo, ni suala la muda. Wengine wanasema mwanzoni kilipita kimiminika kizito kilichojaa silika kuliko maji yoyote ya kawaida. Kule Ehrenfriedersdorf, mgodi wa zamani wa bati nchini Ujerumani, watafiti walikuta ndani ya kwatzi ya pegmatiti (mwamba wa jamii ya graniti wenye fuwele kubwa) matone madogo mno ya aina mbili, moja lina silika nyingi na maji kiasi, jingine lina maji mengi na silika kiasi. Walipoyapasha moto hadi nyuzi 700 na ushee, tofauti kati ya aina hizo mbili ilitoweka. Mimi naegemea upande huo kwa sehemu ya mwanzo ya mikanda yetu. Nimeshika mawe ya mkanda mmoja ambao upande huu ni pegmatiti yenye feldspa, na ukiufuata unageuka kidogo kidogo kuwa kwatzi tupu, bila mpaka wa kuonyesha kidole.

Sasa bati lenyewe. Husafiri likiwa limeshikana na klorini, ndani ya maji yenye asidi na oksijeni haba. Asidi ikipotea, au joto likishuka, au maji yakikutana na mwamba unaoyabadilisha, bati hujitenga na kuwa kasiteriti, yaani madini ya bati mnayoyatafuta. Feldspa ndiyo inayomaliza asidi: inapoguswa na maji hayo hugeuka kuwa ulanga na kwatzi. Kwa hiyo ukiona ulanga mwingi ukingoni, ujue maji yenye asidi yalipita hapo na asidi ikaisha hapohapo.

Mkanda mzuri niliowahi kuuchunguza kwa karibu ulikuwa hivi: ulanga wa rangi ya fedha, unene wa kidole, vipande vimesimama wima kutoka kwenye shisti (mwamba wa pembeni) kuelekea ndani, na katikati ya ulanga huo punje za kasiteriti za kahawia iliyokolea, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Ndani zaidi, kwatzi nyeupe ya maziwa, haina kitu. Vijana walikuwa wanavunja hiyo kwatzi na ukingo wanautupa kwenye kifusi! Niliumia sana.

Mkanda wenu huenda ni wa aina nyingine kabisa. Silika hutoka pia kwenye miamba yenyewe inapokandamizwa na kupashwa moto, ikajaza nyufa bila kuhusiana na graniti. Mikanda hiyo ni mingi mno, ukingo wake ni mkavu, hauna ulanga, hauna turmalini (madini yenye boroni).

Jihadharini na turmalini, maana nayo ni nyeusi na wengi wanaiita bati. Uzito utakusaidia: kasiteriti ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, turmalini mara 3 tu, kwa hiyo kwenye karai turmalini inaondoka na mchanga. Ukitaka uhakika, weka punje juu ya kipande cha zinki (ganda la ndani la betri kavu za kawaida linafaa), dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali, subiri dakika chache kisha suuza. Kasiteriti itavaa utando wa kijivu wa bati. Fanyia nje penye hewa, vaa glavu na miwani, na moto usiwe karibu, kwa sababu gesi inayotoka inawaka.

Kabla hamjachimba meta nyingine, osheni ukingo kwa maji pande zote mbili za mkanda, upigeni picha ukiwa bado umelowa, mziweke hapa. Ukiwa mkavu, vumbi la shisti huficha ulanga.