Mechi Tano kwa Siku Sita

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1899 timu ya chuo kidogo cha Sewanee, huko Marekani, ilishinda mechi tano za futiboli ya Kimarekani ndani ya siku sita, zote ugenini, bila kufungwa hata pointi moja. Mimi hufundisha michezo shuleni, na vijana wangu wakicheza siku mbili mfululizo, siku ya pili huwa wanakokota miguu. Je, habari hiyo ni ya kweli, au washabiki wametia chumvi? Na msimu ule hakuna timu yoyote iliyowafunga?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, habari hiyo ni ya kweli. Wapinzani wao wote walikuwa timu za vyuo vingine. Tarehe 9 Novemba waliifunga Texas 12-0 mjini Austin, kesho yake Texas A&M 10-0 mjini Houston, na tarehe 11 Tulane 23-0 mjini New Orleans. Jumapili walipumzika, kwani chuo chao, kilichoko milimani Tennessee, ni cha Kanisa la Anglikana. Jumatatu waliishinda LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 34-0 mjini Baton Rouge, na Jumanne, mjini Memphis, wakaifunga Mississippi 12-0. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa ya kilomita zipatazo 4,000, na usiku walilala ndani ya treni.

Usizistaajabie pointi hizo. Wakati huo kuuvusha mpira mstari wa mwisho kulileta pointi 5, na mkwaju uliofuata pointi 1, hivyo 12-0 ni kuvuka mara mbili tu. La kustaajabia ni miili ya vijana wale, kwa sababu sheria iliweka vipindi viwili vya dakika 35, mchezaji aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi uwanjani, na kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku hadi mwaka 1906, kwa hiyo timu ilisonga mbele kwa kusukumana kifua kwa kifua.

Wengi hudhani walisafiri kutafuta sifa, kumbe walitafuta fedha. Chuo kilikuwa kimegombana na chuo jirani cha Vanderbilt kuhusu mapato ya mlangoni, mechi yao ikafutwa, na meneja wa timu, Luke Lea, aliyekuwa bado mwanafunzi, akapanga ziara ili kuziba pengo hilo. Kwa maoni yangu sifa ya msimu ule ni yake sawa na ya wachezaji, na ya kocha Billy Suter. Ndani ya treni walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya nyumbani ili maji ya ugenini yasiwavuruge matumbo (hilo hata wewe waweza kuliiga), ingawa inasimuliwa kwamba viatu vya kuchezea vilisahauliwa stesheni, ikabidi Lea apige simu ya maandishi ili vifuatishwe kwa treni nyingine.

Kuhusu swali lako la mwisho, msimu huo Sewanee walishinda mechi zote 12, wakapata pointi 322 na kufungwa 10 tu. Hizo 10 zote zilitoka kwa Auburn, timu iliyofundishwa na John Heisman, tarehe 30 Novemba mjini Montgomery, na hata hivyo Auburn walilala 11-10. Siku mbili baadaye, mjini Atlanta, North Carolina nao walifungwa 5-0.