Anayevuka mto akikimbia ndiye mwenye habari

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Je, ushirikiano wa mataifa unaweza kuumaliza ugaidi mipakani mwetu, na ni kitu gani kinakosekana?" Mimi ni mkulima wa korosho na mpunga Mtwara Vijijini, bonde la Ruvuma, ambako ukisimama shambani ng'ambo unayoiona ni Msumbiji. Jibu langu ni kwamba ushirikiano unasaidia sana, nimeuona ukisaidia. Kinachokosekana ni namna ya kumpokea anayekimbia. Serikali zetu zimekubaliana vizuri namna ya kumpiga adui na namna ya kumkamata. Yule anayemkimbia adui huyo bado hazijakubaliana zimfanye nini.

Wanajeshi niwape haki yao kwanza. Vita ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa. Msumbiji ikahangaika nayo, ikaleta hata askari wa kukodi kutoka Urusi na baadaye Afrika Kusini, na bado Agosti 2020 mji huo wa bandari ukaangukia mikononi mwa wale waasi ambao huku tunawaita mashababi. Walikaa nao karibu mwaka mzima. Juni 2021 wakuu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Maputo wakaamua kupeleka kikosi, SAMIM, na askari wa Tanzania wakawemo. Julai Rwanda ikatangulia kuingia na watu wake 1,000. Kufikia Agosti 8 Mocímboa ilikuwa imekombolewa. Karibu miaka minne ya kuhangaika peke yake, halafu mwezi mmoja wa majirani kuingia. Anayesema ushirikiano ni maneno ya mikutanoni tu aangalie hesabu hiyo.

Lakini SAMIM imeshaondoka. Muda wake ulimalizika Julai 2024, na Mei ya mwaka huohuo, vikosi vikiwa vinafungasha, mji wa Macomia ulivamiwa. Jeshi la nje huja kwa muda, kwa bajeti na kwa ruhusa ya mwenye nchi. Sisi wa mto tupo kila siku.

Na msidhani moto huo uliishia ng'ambo. Juni 2019 wakulima wa Kitanzania waliokuwa wamevuka kulima waliuawa mashambani huko. Oktoba 2020 mashababi wenyewe wakavuka, wakaingia Kitaya, kijiji cha upande wetu. IGP wa wakati huo, Simon Sirro, alisema walikuwa kama 300. Waliua watu, wakachoma nyumba. Wakati huo mpunga wa bondeni ndio chakula chetu na korosho ndiyo kwanza imeanza kuokotwa, na watu waliacha vyote viwili wakapanda juu Makondeni na watoto mgongoni. Mwezi uliofuata Sirro na mwenzake wa Msumbiji, Bernardino Rafael, wakakutana hapa Mtwara kutia saini makubaliano ya polisi wa nchi mbili: operesheni za pamoja, kubadilishana habari, kukabidhiana watuhumiwa. Septemba 2022 Rais Samia alipokwenda Maputo yakatiwa saini makubaliano mengine ya ulinzi na usalama. Yote ni mema.

Sasa hapo kwenye "kubadilishana habari" ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Habari inatoka wapi? Kabla haijafika kwa ofisa wa Dar es Salaam na wa Maputo, ilikuwa kinywani mwa mtu. Aliyeona nani amepita na njia gani, aliyemtambua kijana aliyewahi kuuza kitu sokoni, aliyesikia wanaongea lugha gani usiku. Mara nyingi mtu huyo ndiye aliyenusurika, na aliyenusurika anakimbilia mtoni.

Mji wa Palma, ng'ambo huko Cabo Delgado, ulivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Siku zilizofuata watu walivuka Ruvuma kwa mitumbwi, wengine kwa miguu pale mto ulipopungua kina. Katika hao alikuwemo mama mmoja mtu mzima, ndugu wa mke wangu kwa upande wa mama yake, sisi tunamwita Mama Mkubwa. Alikuja na mjukuu mmoja na sufuria. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kanga aliyokuwa ameifunga kama soksi haikuvuka kifundo. Waliwekwa darasani, wengi wao wanawake, wakaulizwa majina, umri na walikotoka. Maswali yote yalikuwa ya uraia: wewe ni Mtanzania au Mmsumbiji, kitambulisho kiko wapi. Mama Mkubwa alikuwa na jambo la kusema. Miongoni mwa wavamizi alimtambua kijana aliyekuwa akitengeneza simu sokoni, na kijana huyo alikuwa akija upande wetu siku za mnada, anajua njia za hapa na anajua nani ana duka kubwa. Alilisema kwa Kimakonde. Aliyekuwa na daftari alikuwa mgeni, hakijui. Akaandika "Palma", akamwita anayefuata.

Siku ya pili wakapakiwa kwenye gari, wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mbali kabisa na walikotokea, mahali ambapo hana ndugu. Tulimpata baadaye sana, Mueda, akiwa mzima. Lile neno lake kuhusu kijana wa simu hatujui kama kuna ofisi yoyote, ya huku au ya kule, iliyowahi kulisikia.

Hakuwa peke yake. Mwaka ule Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisema hadharani kwamba maelfu ya watu wa Msumbiji walirudishwa kutoka Tanzania kwa njia hiyohiyo ya Negomano. Nilipolisikia liliniuma kama Mtanzania. Liliniuma pia kama mtu wa mpakani anayetaka kulala usingizi, kwa sababu kila gari lililovuka lilikuwa limebeba mashahidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja na dawa mkononi, sisi tukamgeuza mlangoni.

Najua jibu la watu wa usalama, na nalichukulia kwa uzito: adui hujichanganya na wakimbizi. Ni kweli. Baada ya Kitaya hakuna mtu wa huku anayeweza kulibeza hilo, hata mimi nikiona uso mgeni kwenye boda huwa naangalia mara mbili. Lakini kumrudisha kila mtu hakumtambui adui. Mwenye nia mbaya anajua kuvuka usiku sehemu nyingine, na Ruvuma ni mrefu. Anayebaki kurudishwa ni bibi na mjukuu. Ukitaka kumjua mwovu ndani ya kundi, waulize walio ndani ya kundi hilo, wametoka mji mmoja, wanajuana. Lakini hawatasema chochote wakijua kesho wanarudishwa mikononi mwa yule watakayemtaja.

Tena jambo hili Afrika iliishalitafutia njia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unasema kwamba kwa sababu za usalama, kadiri inavyowezekana, nchi iwapeleke wakimbizi kukaa umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyoikimbia. Wapokee, wahoji, kisha wasogeze ndani. Na sisi watu wa kusini tuliyafanya haya kabla hata mkataba haujaandikwa. Katikati ya miaka ya 1960 waliokimbia vita ya Mreno walipewa makazi Rutamba, Lindi, mbali na mto. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilikuwa na kambi yake Nachingwea. Unafikiri habari za majeshi ya Mreno zilifikaje? Wakulima waliokimbia vijiji vyao walikuwa wanajua wamepita njia gani na kambi ya askari iko wapi. Wazee wetu waliwalisha, na waliolishwa wakasema.

Hapo huwa anatokea mtu akaniambia, basi usifananishe, wale walikuwa wapigania uhuru. Sifananishi hata kidogo. Mreno aliwaita magaidi, ndiyo maana mkataba wa OAU wa kupambana na ugaidi, uliopitishwa Algiers mwaka 1999, ukaandika wazi kwamba mapambano ya ukombozi ya watu dhidi ya ukoloni hayahesabiwi kuwa ugaidi. Anayewachinja wakulima wa Quionga, ng'ambo yetu, kwenye mihogo yao hapigani na mkoloni yeyote. Ninachokifananisha ni sisi wenyeji: wakati ule tulipokea watu na tukawa salama zaidi. Makaburi ya Naliendele, walikolala askari wetu waliofia Msumbiji, yanaonyesha kwamba urafiki huo tuliulipia.

Lipo jingine ambalo nalisema kama mzazi. Baadhi ya vijana waliokwenda kujiunga ng'ambo wametoka huku, kwenye nyumba za watu tunaosalimiana nao. Mama ndiye wa kwanza kuona mtoto amebadilika, ameacha kuswali na wenzake msikiti wa kijiji, simu haiishi, halafu siku moja hayupo. Huyo mama atakwenda kwa mtendaji? Atakwenda akiwa na uhakika kwamba mwanawe akikamatwa atapelekwa mahakamani, mahali ambapo yeye anaweza kukaa benchi la nyuma na kumwona. Akihofia kwamba atachukuliwa na asijulikane alipo, atanyamaza, na atakuwa ananyamaza kwa uchungu wa mama. Ndiyo maana makubaliano ya kukabidhiana watuhumiwa lazima yafuate sheria tena hadharani.

Kuna mfano wa Mtanzania mwenzetu. Baada ya milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, ambako kwetu peke yake walikufa watu 11 na Nairobi zaidi ya 200, mtuhumiwa Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akakabidhiwa haraka kwa Marekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali ilivunja sheria kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Hukumu ile haikumfanya awe hana hatia: alitiwa hatiani New York, akafungwa maisha. Uhalifu uliadhibiwa, na nchi iliyosaidia kumkamata iliwajibishwa na mahakama yake yenyewe. Ushirikiano wa namna hiyo hata mama wa kijijini anaweza kuuamini.

Kuhusu fedha sitasema mengi, wenye ujuzi wapo. Tanzania na Msumbiji ziliwekwa pamoja kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu, Oktoba 2022 kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu na za ugaidi, na zote mbili zimetolewa mwaka 2025. Kazi imefanyika. Huku mtoni lakini fedha nyingi bado ni za mkononi, shilingi na metikali, na anayejua nani ghafla ana pikipiki mpya ni jirani.

Kwa hiyo, Mhariri, vikao vya ujirani mwema kati ya mikoa yetu na Cabo Delgado, ambavyo huwakutanisha wakuu wa mikoa, polisi na uhamiaji, viongeze ajenda moja. Kiwepo kituo cha kupokelea watu Kilambo na kingine Mtambaswala, kwenye njia za kuvukia mpaka, wakae maofisa wa nchi zote mbili pamoja na UNHCR, na pale mezani awepo mtu anayejua Kimakonde, Kimakua na Kimwani, mwanamke pia awepo, maana wanaovuka wengi ni wanawake. Mtu apewe maji, ale, aulizwe aliyoyaona kabla ya kuulizwa kitambulisho, na alilolisema liandikwe. Kisha apelekwe ndani, mbali na mto, hadi kwao kutulie. Wakalimani wapo. Binti yangu mkubwa anazijua mbili kati ya lugha hizo, amemaliza kidato cha nne, na ameniambia yuko tayari kuanza hata kesho.