Samaki wa baruti ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi nauza samaki wa kukaanga hapa Tanga, nanunua ufukweni alfajiri. Kuna siku nikimpasua samaki aina ya changu nakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia ndani, alama kuwa amevuliwa kwa kulipuliwa na baruti. Nikiuliza naambiwa, "Samaki hachinjwi, wote halali." Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Halali ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kufungua fundo. Nabii Musa (A.S.) alipoomba "ulifungue fundo la ulimi wangu" (Taha: 27), alitumia kitenzi cha mzizi huohuo. Halali basi ni kilichofunguliwa na sharia.

Nyama ya samaki imefunguliwa, hilo halina ubishi. Mtume (S.A.W.) alisema kuhusu bahari kuwa maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Kwa hiyo samaki wa baruti si mzoga. Hapo waliokujibu wamesema kweli.

Wamekosea kuishia hapo. Lugha yetu wenyewe inawasuta. Mtu akisema "hii pesa yangu ya halali," hasifu noti, anasema ameipata kwa njia gani. Na anayekwenda Hija hupita kwa jirani zake akiwaambia "nihalalishieni": anaomba afunguliwe haki zao zilizo shingoni mwake. Sasa mpiga baruti, nani kamhalalishia? Anaua vitoto vya samaki ambavyo hata havifai kuuzwa, anavunja matumbawe yanayochukua miaka mingi kukua, na mwenye mshipi au dema (mtego wa samaki) anarudi mikono mitupu. Hiyo ni dhuluma, inaniuma kuiona pwani yetu. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na sheria ya nchi nayo imepiga marufuku.

Ruhusa ya kuvua baharini imo katika Suratul Maida, aya ya 96. Sura hiyohiyo, aya ya 2, inasema msisaidiane katika dhambi na uadui. Ukijua ni wa baruti, usinunue, hata akiwa wa bei ya chini. Usipojua, si lazima umpekue kila samaki. Ukigundua umeshafika jikoni, usimtupe, hiyo ni israfu. Mpike mle nyumbani, na kesho nunua kwa mvuvi mwengine. Kwa uliyonunua zamani bila kujua, huna dhambi. Wallahu aalam.